Waandishi wa Programu Walilitupa Kufuli, Lakini Ofisi Yako Bado Inalihitaji

Fungua kompyuta ya ofisi yoyote ndogo hapa Kenya, ingia kwa folda ya kazi, na utakutana na hii familia: Mkataba.docx, Mkataba_mpya.docx, Mkataba_FINAL.docx, Mkataba_FINAL_FINAL2.docx, na kitinda mimba wao, Mkataba_TUMIA_HII.docx. Sasa uliza ni gani ya kweli. Mmoja atakwambia ni ile iko kwa barua pepe. Mwingine ako na yake kwa flashi. Mdosi ana ile alitumiwa kwa WhatsApp wiki jana, na ndiyo hiyo ashaichapisha na kuitia sahihi.

Tunacheka, lakini kuna watu wanapoteza pesa hapo. Mtaani kwetu kulikuwa na chama cha vijana kilichokuwa kinaweka akiba vizuri tu. Kikavunjika kwa sababu mweka hazina alikuwa na katiba inayosema riba ya mkopo ni asilimia 10, na katibu alikuwa na katiba ile ile, jina lile lile, ukurasa ule ule, inasema asilimia 5. Kila mmoja aliapa yake ndiyo ilipitishwa kwa mkutano. Hakuna aliyeweza kuthibitisha. Huenda hakuna hata aliyedanganya. Lakini pesa zilikuwa zimeshakopeshwa, na urafiki ukaenda nazo.

Wasee wengi hudhani shida hii ililetwa na kompyuta, na dawa yake ni programu mpya zaidi. Mimi naona tofauti. Dawa ilikuwepo kabla ya kompyuta. Mwaka 1972 ikaandikwa upya ndani ya kompyuta. Waandishi wa programu wakaitumia, wakaichoka, wakaitupa, na kile walichotupa ndicho ofisi ya kawaida inahitaji mpaka leo. Hebu tuipitie hiyo historia polepole, kwa sababu ukiijua, kuchagua programu ya kutunza nyaraka za ofisi kunakuwa rahisi sana.

Hata nchi iliwahi kuwa na FINAL_FINAL2

Kabla hujasema haya ni mambo ya vyama na ofisi ndogo, kumbuka Kenya nzima iliwahi kuishi ndani ya folda kama hiyo. Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo au hamjazaliwa. Safari ya katiba mpya ilizaa rasimu nyingi hadi watu wakaanza kuzipa majina ya mahali na ya watu ili wasichanganyikiwe: Rasimu ya Bomas ya 2004, Rasimu ya Wako ya 2005 ambayo wananchi waliikataa kwenye kura ya maoni mwezi Novemba, rasimu ya Kamati ya Wataalamu ya Novemba 2009, kisha ile iliyofanyiwa kazi na wabunge kule Naivasha Januari 2010. Tarehe 1 Aprili 2010 Bunge likapitisha ya mwisho. Hapo ungedhani tumefika.

Mei 2010, watu walioketi kusoma nakala zilizotoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali wakakuta kitu. Kwenye kifungu cha 24, kile kinachoeleza ni lini haki zako zinaweza kuwekewa mipaka, kulikuwa na maneno machache yanayotaja usalama wa taifa. Maneno hayo hayakuwa kwenye maandishi ambayo Bunge lilipitisha. Kukazuka kelele nchi nzima, na ilikuwa haki yake kuzuka: maneno machache tu, mahali pamoja, yangeipa serikali sababu nyingine ya kubana uhuru wa raia. Katiba ilipopigiwa kura tarehe 4 Agosti na kuzinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, maneno hayo hayakuwemo.

Sasa angalia maswali yaliyoulizwa wakati ule. Nani ameongeza? Lini? Kwa ruhusa ya nani? Ni maswali yale yale ya chama chetu na riba yake. Na angalia pia jinsi wizi huo ulivyonaswa: watu walisoma nakala wakaona haifanani na iliyopitishwa. Hakuna mashine iliyopiga kengele. Ni macho ya binadamu na bahati.

Masijala ilikuwa inajua kitu

Ukimuuliza mtu aliyefanya kazi ya ukarani zamani, atakwambia kuhusu masijala. Hicho ni chumba cha faili, na kilikuwa na sheria zake. Kila jambo lina faili moja. Kila barua ikiingia kwenye faili inapewa namba yake ya folio, 1, 2, 3, ili mtu akichomoa karatasi katikati, pengo lionekane. Na faili ikitoka chumbani, karani anaandika kwenye daftari: imeenda kwa nani, tarehe ngapi. Ikiwa mezani kwa afisa mmoja, afisa mwingine anasubiri.

Najua unachofikiria. Ni Mkenya gani hajawahi kuambiwa "faili haionekani, rudi kesho"? Kweli kabisa, masijala ilikuwa na madhaifu yake, na wajanja waliyatumia. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sawa, na lina mambo matatu: waraka una nyumba moja, unashikwa na mtu mmoja kwa wakati, na kuna daftari lenye majina. Faili ikipotea, angalau daftari lilionyesha ilipotelea mkononi mwa nani.

Kilichoua mpango huu ni nakala kuwa rahisi. Mashine ya kutoa kopi ilianza, kompyuta ikamaliza. Siku kunakili waraka kulipokuwa kazi ya sekunde moja bila gharama, nyumba moja ikawa nyumba mia.

1972: daftari linaingia kwa mashine

Watu wa kwanza kuumwa na jambo hili ndani ya kompyuta walikuwa waandishi wa programu wenyewe. Programu ni maandishi, na maandishi hayo hubadilishwa kila siku na watu wengi. Mwaka 1972, katika Maabara za Bell kule Marekani, Marc Rochkind alitengeneza mfumo ulioitwa SCCS. Mwaka 1975 akachapisha makala ya kuueleza.

SCCS ilifanya mambo mawili. La kwanza, badala ya kuhifadhi kila toleo likiwa zima, ilihifadhi tofauti kati ya matoleo, na kila tofauti ilikuwa na jina la aliyeileta, saa yake na maelezo mafupi ya sababu. La pili ni kufuli. Ukitaka kusoma tu, chukua nakala ya kusoma, hakuna shida. Ukitaka kubadilisha, unaomba nakala ya kuhariri, na mpaka uirudishe, mwenzako akiomba ya kwake anaambiwa ngoja, iko kwa fulani. Unaona? Masijala kamili: nyumba moja, mshikaji mmoja, daftari.

Kampuni ya Digital nayo ilikuwa na njia yake. Mfumo wake wa VMS, uliotangazwa 1977, ulibandika namba kwa kila faili. Ukihifadhi RIPOTI.TXT;1 mara ya pili, mashine inaweka RIPOTI.TXT;2 na kuiacha ya kwanza mahali pake. Yaani FINAL2 iliyofanywa na kompyuta yenyewe, bila wewe kuhangaika na majina. Ilisaidia sana mtu aliyeharibu kazi yake, lakini namba haikuambii kwa nini kitu kilibadilishwa.

Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akatoa RCS. Yeye aligundua kwamba mara nyingi watu wanataka toleo la leo, si la mwaka jana. Kwa hivyo RCS iliweka toleo jipya likiwa zima na matoleo ya nyuma kama maelekezo ya kurudi, hatua kwa hatua. Kasi ikaongezeka. Kufuli likabaki.

Amsterdam: watu watatu wasiopatana saa

Sasa tunafika mahali njia ilipogeuka. Katikati ya miaka ya 1980, Dick Grune alikuwa mwalimu kwenye chuo kikuu cha Vrije Universiteit, Amsterdam. Alikuwa anaandika programu pamoja na wanafunzi wake wawili. Mwanafunzi mmoja alifanya kazi mchana kama mtu wa ofisi, mwingine alikuja saa zake mwenyewe, na Grune alipata nafasi jioni tu. Hebu fikiria kufuli hapo. Huyu amefunga faili akaenda zake, yule anaingia anakuta mlango umefungwa, na mwenye ufunguo hajulikani aliko.

Grune akaandika kitu cha kuzunguka RCS ili kila mmoja aendelee na nakala yake, halafu mashine iziunganishe baadaye. Mwaka 1986 akakigawa hadharani. Kikaitwa CVS. Mwaka 1989 Brian Berliner akakiandika upya, na miaka ya 1990 CVS ndiyo iliyobeba miradi mingi ya programu huria, watu wa nchi mbalimbali wakifanya kazi pamoja bila kuonana.

Kuunganisha kunawezekana kwa sababu programu huandikwa kwa mistari ya maandishi matupu. Wewe umegusa mstari wa 12, mimi nimegusa wa 300, mashine inachukua vyote viwili. Tukigusa mstari mmoja, inasimama na kutuambia tuelewane. Kwa kazi yao ilikuwa fresh kabisa. Kwa hivyo wakalitupa kufuli, na vizazi vilivyofuata vikafundishwa kwamba kufuli ni ushamba.

Lakini waraka wa Word si mistari ya maandishi matupu. Tangu Office 2007, faili ya .docx ni kifurushi kilichobanwa chenye vipande kadhaa ndani yake. Ukibadilisha neno moja na kuhifadhi, mashine isiyojua Word inaona kifurushi kimebadilika, basi. Haiwezi kuunganisha nakala yangu na yako. Inachoweza kukuambia ni: chagua moja, tupa nyingine. Na hapo tumerudi kwa FINAL_FINAL2.

2005: njia panda

Mwaka 2000 kampuni ya CollabNet ilianzisha mradi wa kuchukua nafasi ya CVS. Ukaitwa Subversion, watu wakaufupisha SVN, na toleo la 1.0 likatoka Februari 2004. Mwanzoni nao ulifuata imani ya kuunganisha, bila kufuli. Lakini ulipoanza kutumiwa na watu wenye picha, michoro na nyaraka za Word, yaani vitu visivyounganishika, hitaji likajitokeza lenyewe. Mei 2005, toleo la 1.2 likarudisha kufuli.

Na likarudisha kwa akili. Unaweza kuitia faili alama kwamba inahitaji kufuli. Kuanzia hapo, kila mtu kwenye ofisi anaiona kama ya kusoma tu. Ukiifungua kwa Word huwezi kuihifadhi kimakosa juu ya ile ya zamani. Mpaka uombe kufuli, na kama mwingine analo, unaambiwa ni nani na ameandika sababu gani.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Aprili 2005, Linus Torvalds alikuwa ameanza kuandika Git. Timu ya Linux ilikuwa ikitumia mfumo wa kampuni uitwao BitKeeper bure, kisha ruhusa hiyo ikaondolewa, ikabidi ajitengenezee wake. Kufikia Juni, toleo la 2.6.12 la kiini cha Linux lilitoka likisimamiwa na Git. Git ni kazi kubwa. Kila mtu anabeba historia yote kwa mashine yake, anafungua matawi, anayaunganisha, na maelfu ya watu wanasonga pamoja bila kungojana.

Kwa hivyo msimu mmoja wa 2005 ulizaa majibu mawili. Moja ni la maelfu ya wahandisi wasiojuana. Lingine ni la watu wachache wanaoshika waraka mmoja ambao hauwezi kuunganishwa. Ulimwengu wa teknolojia ulipiga makofi kwa la kwanza, na ndilo unafundishwa darasani. La pili lilibaki pembeni kimya, likifanya kazi.

Hapa ndipo nina ugomvi na sisi vijana. Mtu anamaliza kozi, anaenda kufanya atachimenti kwenye ofisi ya watu sita, anakuta vurugu la mafaili, na anachojua ni Git, basi anawawekea Git. Nimeiona kwa ofisi moja ambayo sitaitaja. Wafanyakazi walipewa maneno mapya kumi siku ya kwanza, matawi sijui nini, kusukuma sijui kuvuta. Wiki chache baadaye kila mtu alikuwa amerudi kutuma nyaraka kwa WhatsApp, na aliyeiweka alikuwa amekwenda zake akisema wale wazee hawataki kubadilika. Aliwapa lori watu waliohitaji mkokoteni, kisha akawalaumu kwa kutojua kuendesha.

Na wingu je?

Utaniuliza, si tutumie tu Google Docs? Swali zuri. Huduma hiyo ilianza kama Writely mwaka 2005, Google ikainunua Machi 2006, na historia yake ya matoleo ni safi: unaona nani alifuta neno gani na saa ngapi. Watu wawili wanaandika kwa ukurasa mmoja bila kugombana. Kama ofisi yenu ina intaneti ya uhakika na akaunti rasmi za ofisi, hiyo inaweza kutosha, na sitakushawishi uache.

Shida naziona mbili. Ya kwanza ni akaunti. Ofisi nyingi ndogo huanza na akaunti binafsi ya mfanyakazi mmoja mchangamfu. Siku anaacha kazi, hasa akiacha kwa hasira, nyaraka za ofisi zinabaki mfukoni mwake. Ya pili ni bando na stima. Kuna ofisi ambazo intaneti ikikatika, kazi inasimama, na mkataba uliohitajika saa nne unapatikana saa tisa.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Haisemi uweke seva chini ya meza yako, na haikatazi wingu. Inachosema ni kwamba ukishika taarifa za watu, vitambulisho, kesi, afya, mikopo, ni wajibu wako kuzilinda. Na huwezi kulinda kitu usichojua kiko kwa simu za nani. Ofisi ikiwa na nyumba moja ya nyaraka, angalau inajua mlango wa kufunga.

Mtu wa kumuuliza si fundi

Ofisi moja ndogo, watu saba, iliniuliza itumie nini kwa mikataba na barua zake. Nilikuwa na majina mengi kichwani, lakini nikaamua mtu wa kuamua ni katibu wao, mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye ndiye huandika karibu kila kitu. Yeye akiweza, wote wataweza. Yeye akishindwa, ofisi imeshindwa.

Nikamwonyesha SVN kupitia TortoiseSVN, programu ya bure inayokaa ndani ya folda za kawaida za Windows. Hakuna skrini nyeusi ya kuandika amri. Unabofya faili kwa kitufe cha kulia, unaomba kufuli, unaandika kwa Word kama kawaida, unahifadhi, unabofya tena, unawasilisha na kuandika sentensi moja ya sababu. Ukitaka kujua nini kimebadilika tangu wiki jana, inafungua Word yenyewe na kukuonyesha tofauti.

Alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hakuna fundi angeliuliza.

"Kijana wangu, na nikienda likizo na kufuli langu?"

"Mkubwa anaweza kulivunja, Mama."

"Bila mimi kujua?"

"Ukirudi utaona kufuli lako halipo. Na chochote alichobadilisha kitakuwa na jina lake, tarehe na saa."

"Na mimi nikiharibu kazi ya wiki nzima?"

"Tunarudi kwa toleo la jana. La jana halifutiki kwa sababu umehifadhi la leo."

Akatafakari kidogo. "Basi ni daftari la masijala," akasema, "ila hili huwezi kulichana ukurasa."

Niliondoka nikijua hatahitaji mafunzo ya siku tatu. Alikuwa anaijua tayari. Alichokosa ni mashine iliyokubaliana na anachokijua.

Uchague nini basi

Kama nyaraka zenu ni zile ambazo neno moja linaweza kuwapeleka mahakamani, yaani mikataba, katiba za vikundi, kumbukumbu za mikutano, bajeti, mimi nasema SVN yenye kufuli. Ni ya zamani, sura yake haivutii, na iko chini ya Apache tangu 2010. Ni programu huria, hulipi leseni. Kompyuta ya mezani isiyo ya kisasa inaweza kuwa seva ya ofisi ya watu saba.

Kama watu wenu hawataki hatua hizo nne, wanataka tu folda inayojihifadhi, angalieni Nextcloud. Frank Karlitschek alianzisha ownCloud mwaka 2010, akaondoka, na 2016 akaanzisha Nextcloud. Unaiweka kwa seva yako, inafanana na huduma za wingu mnazozijua, na kila ukihifadhi faili inaweka toleo la nyuma. Lakini soma hapa vizuri: kwa mpangilio wake wa kawaida inapunguza matoleo kadiri muda unavyopita. Ya leo unapata ya kila saa, ya mwezi huu unapata ya kila siku, na baada ya siku 30 inabaki moja kwa wiki. Nafasi ikijaa inafuta ya zamani zaidi. Kwa ripoti na mabango hakuna neno. Kwa katiba ya chama, ambapo swali linaweza kuja baada ya miaka miwili, hapo ndipo itakuangusha, isipokuwa mtu akumbuke kulipa jina toleo muhimu ili lisifutwe.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna programu itakufanyia.

Kila mtu awe na akaunti yake na neno lake la siri. Ofisi nzima ikiingia kwa jina moja la "ofisi", daftari lako litasema "ofisi ilibadilisha", na hiyo ni sawa na kutosema kitu.

Andikeni sababu. "Nimerekebisha" haimsaidii mtu. "Riba imebadilishwa kutoka 5 hadi 10, kikao cha Machi" inaweza kuokoa chama.

Wekeni nakala ya seva mahali pengine. Kuwa na seva yako maana yake ni kwamba diski ikifa, imekufa ikiwa mikononi mwako, na hakuna wa kumpigia simu. Nakili kila wiki kwa diski ya nje, na diski hiyo isilale kwa chumba kimoja na seva, kwa sababu mwizi na moto havichagui. Na ikiwezekana, mtu anayeitunza diski hiyo asiwe yule anayesimamia seva. Mwenye ufunguo wa daftari ndiye pekee anayeweza kulichezea, kwa hivyo lazima kuwe na nakala ambayo haipitii mkononi mwake. Ofisi ikiwa haina mtu wa kufanya haya kila wiki, bora wabaki kwa wingu na akaunti rasmi.

Mwisho, nakala ya WhatsApp ikome kuwa waraka. Itume kwa kusoma, sawa. Lakini kila mtu ajue kwamba ikitofautiana na iliyo kwenye nyumba yake, ya nyumbani ndiyo inashinda. Hilo ni azimio la mkutano, si la programu.

Tumezoea kuamini kwamba kitu kilichokuja baadaye ndicho bora. Historia hii inanifundisha tofauti. Waandishi wa programu hawakutupa kufuli kwa sababu lilikuwa baya. Walilitupa kwa sababu maandishi yao yanaunganika, na yako hayaunganiki. Kwa hivyo kesho ukiitwa na ofisi, chama, kanisa au kikundi chenu cha vijana kuwasaidia na mafaili, usianze na jina la programu. Chukua waraka mmoja muhimu, uliza nani aliubadilisha mara ya mwisho, lini, na kwa nini. Wakianza kutazamana, umeshajua kazi yako inaanzia wapi.